Mzee Gundi na Gugu Lenye Mwanya

Kwa miaka thelathini na moja Mzee Gundi alifanya kazi na mimea kila siku ya Mungu, na hakuwahi kumwagilia hata mmoja. Mimea yake yote ilikuwa imekufa. Ilimfikia imekandamizwa ndani ya magazeti ya zamani, ikinuka vumbi na dawa ya wadudu, naye aliitandaza juu ya karatasi ngumu nyeupe, akaipaka gundi kwa brashi, akashona mashina manene kwa sindano na uzi, akabandika lebo chini upande wa kulia, akaweka kifuko cha mchanga juu yake ili ikauke bila kujikunja. Kisha karatasi iliingia kabatini, na mara nyingi kabati lile halikufunguliwa tena mpaka aliyeuchuma mmea awe naye ameshazikwa. Watu wakimwuliza anafanya kazi gani, alijibu, "Nabandika majani," nao wakabadilisha mazungumzo.

Lakini ndani ya jumba lile la mimea mikavu alikuwa mtu mwenye jina. Mgeni yeyote akifika, mkurugenzi alimpitisha kwenye chumba cha kubandikia na kusema maneno yaleyale: "Huyu ndiye Mzee Gundi wetu. Karatasi elfu arobaini zimepita mikononi mwake, na hakuna hata moja iliyobandikwa lebo ya mwenzake." Mgeni alitikisa kichwa kwa adabu. Mzee Gundi aliinama na kuendelea kupaka gundi, lakini masikio yake yalikuwa yamesimama. Mtu huyu hakuwa na gari, hakuwa na shahada, hakuwa na sauti ya kuongozea kikao. Alikuwa na sentensi ile. Ilikuwa imeshapigwa chapa tayari kwenye hotuba ya kumuaga, kwa kuwa alibakiza miezi kumi astaafu na karani wa ofisi ni mtu asiyependa kazi za dakika ya mwisho.

Hapo ndipo alipoingia Daktari.

Daktari alikuwa binti wa miaka thelathini na kitu, mtaalamu wa mimea ya maji, mwenye viatu vyenye matope hata siku za kiangazi. Mji ulikuwa unajenga bwawa la kuchujia majitaka, na yeye ndiye aliyepewa kazi ya kulipanda gugu la bwawani, lile lenye majani marefu kama panga na kichwa cha kahawia kama brashi ya kusafishia chupa. Mizizi yake huyasafisha maji machafu bila kudai mshahara. Shida ni kwamba magugu hayo ni ya aina mbili. Kuna la kienyeji, lililokuwepo tangu babu wa mababu, linalokaa na mimea mingine kwa amani. Na kuna la kigeni, ambalo hakuna anayejua lililetwa na nani. Lilifika, likapapenda, likaleta ndugu zake, na sasa likiingia bwawani halimwachii mwenzake hata pa kutia mguu. Kuna wakwe wa namna hiyo.

"Nitayajuaje?" aliuliza Mzee Gundi, ilimradi ameuliza tu.

"Majani hayakuambii kitu, baba. Yanafanana kama mapacha. Subiri litoe kichwa." Daktari alichora kwa kalamu kwenye kipande cha gazeti. "Hapa chini kuna kile cha kahawia, ndicho cha kike. Juu yake kuna mkia wenye unga wa njano, wa kiume. Gugu letu la kienyeji lina mwanya katikati, kijiti kitupu, upana wa kidole. La kigeni halina. Limeungana moja kwa moja."

"Yaani letu ndilo lenye mwanya."

"Ndilo zuri," alisema Daktari, akacheka. Naye alikuwa na mwanya, meno ya juu.

Kisha akafungua kabati namba saba, akatoa karatasi mbili, akaziweka mezani. Mzee Gundi alizitazama, akaweka brashi chini.

Zilikuwa kazi yake ya miaka ishirini na sita nyuma. Mkusanyaji mmoja, bwana mkali aliyekuwa akiogopwa hadi na mlinzi wa geti, alirudi kutoka kinamasini na magugu mawili, kila moja ndani ya gazeti lake pamoja na lebo yake. Lebo moja ilisema: mashariki ya barabara, nyuma ya kiwanda cha matofali. Nyingine ilisema: magharibi ya barabara, chini ya daraja. Mzee Gundi, wakati huo kijana Gundi, alikuwa ameshayafungua magazeti yote mawili pamoja, jambo ambalo mbandikaji hafanyi, kwa sababu alitaka kuwahi kuondoka. Mtu akafungua mlango, upepo ukaingia, lebo zikaruka chini ya meza. Alipoziokota hakujua ipi ni ya lipi. Mkusanyaji alikuwa chumba cha pili akinywa chai. Zilikuwa hatua kumi na mbili kwenda kumwuliza. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini wahenga hawakuwahi kufokewa na bwana yule. Kijana Gundi alikisia. Akabandika. Akaweka mchanga juu.

Baadaye alikuja bingwa kutoka chuo kikuu, akaitazama mimea kwa kioo cha kukuzia, akaandika kwenye kila karatasi jina la aina yake, kienyeji hii, kigeni ile. Bingwa hakukosea; mwanya ulionekana wazi. Kilichokuwa na shaka ni mahali. Na mahali hapakuwa na faida kwa mtu yeyote kwa robo karne nzima, mpaka asubuhi ile.

"La kienyeji lilichumwa mashariki, nyuma ya kiwanda cha matofali," alisoma Daktari kwa furaha. "Kule bado kuna magugu, nimeyaona. Na magharibi pia yapo. Ila watu wa afya wanayafyeka kila mwezi kwa ajili ya mbu, hayapati nafasi ya kutoa kichwa. Bila lebo hii ningekuwa kipofu. Asante sana, baba."

"Mimi nilibandika tu," alisema Mzee Gundi. Hakuwahi kusema neno la kweli kuliko hilo.

Wiki hiyohiyo Daktari alikwenda mashariki na vibarua wawili, wakachimba. Nyuma ya jumba kikaanzishwa kitalu: mtaro wenye matope, na ndani yake vipande vya mizizi mia sita, kila kimoja kirefu kama kiganja na chenye chipukizi lake. Maji yalikuwa kina cha vidole vinne, yasizidi, kwa maana chipukizi likizama kabisa linakufa. Miche ile ingetoa vichwa mwaka unaofuata, lakini ingehamishiwa bwawani kabla ya hapo, mvua zikianza, baada ya miezi saba. Mzee Gundi aliiona kutoka dirishani kwake kila siku ikikua. Ilikua vizuri sana. Hilo ndilo lililomtia hofu.

Alifanya hesabu yake. Huenda alikisia sawa siku ile; bahati ni nusu kwa nusu. Kama alikisia sawa, kunyamaza si kosa, ni busara. Kama alikosea, mji mzima utapanda mgeni kwa mikono yake wenyewe, na kinamasi chote kilichobaki chini ya bwawa kitafuata. Basi kwanza ajue. Aliamua kujua kwa siri, kama mtu anayepima ugonjwa kwenye hospitali ya mji mwingine.

Jumamosi moja alichukua baiskeli na jembe. Alichimba shina zima mashariki, na shina zima magharibi, makubwa na mizizi yake yote, kwa sababu shina kubwa hutoa kichwa ndani ya miezi mitano au sita. Aliyafunga kwenye magunia mawili na kurudi nyumbani ananuka kama mfereji. Uani alichukua mabeseni mawili ya mke wake. La mashariki akaliweka kwenye jekundu, la magharibi kwenye la bluu. Hakuandika lebo. Mbandikaji wa miaka thelathini na moja hakuandika lebo, kwa sababu rangi zilikuwa wazi na yeye hakuwa mtoto.

Mke wake alitoka jikoni akasimama, mikono kiunoni. Alikuwa mfuaji mstaafu wa hospitali, mama wa watoto wanne, na mabeseni yale alikuwa nayo tangu binti yao wa kwanza ananyonya.

"Baba watoto."

"Naam."

"Wanaume wa umri wako wanaleta mke wa pili. Wewe umeleta majani."

"Ni ya kazini."

"Kazini kwako majani yanakuja yamekufa. Haya yananitazama."

"Ni kwa muda tu, mama watoto."

"Hata yule mdogo wako alikuja kwa muda tu, akakaa miaka minne," alisema, akaingia ndani. Lakini tangu siku ile, maji yakipungua kwenye mabeseni, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuongeza.

Miezi ikapita. Mzee Gundi alijifunza akiwa na miaka hamsini na tisa kwamba mmea hai ni kitu chenye usumbufu. Unakunywa. Unaegemea upande wa jua. Mbuzi wa jirani aliula nusu akafukuzwa kwa fagio. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini alichutama kati ya mabeseni na kupapasa mabua, akitafuta uvimbe, na kazini Daktari alimwita dirishani aone kitalu kilivyostawi. "Hongera, mwanangu," alimwambia, na neno lile likawa chungu mdomoni kama kwinini. Alimpenda binti yule. Alikuwa akimletea chai bila kuombwa, na alikuwa mtu wa kwanza ndani ya jumba lile kumwuliza maoni yake juu ya mmea wowote.

Wiki mbili kabla ya siku ya kupanda, vichwa vikatoka. Beseni jekundu: kile cha kahawia chini, mkia wa njano juu, na katikati kijiti kitupu, upana wa kidole. Mwanya. Beseni la bluu: vimeungana moja kwa moja.

Mzee Gundi alikaa chini kwenye sakafu yenye unyevu. Jekundu ni mashariki. Mashariki ni la kienyeji. Kijana Gundi alikisia sawa! Alicheka peke yake mpaka machozi yakamtoka. Siku hiyo alinunua nyama na kipande cha sabuni ya kunukia, akampa mke wake bila maelezo, jambo lililomfanya mama yule amtazame kwa wasiwasi wa kweli. Kazini alipiga mluzi. Mkurugenzi alipita na wageni na kusema sentensi ile, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi Mzee Gundi aliisikia yote hadi mwisho.

Furaha ile ilidumu siku tatu.

Siku ya nne walikuwa wamekaa uani wakichambua mchele, na mke wake akasema, bila hata kuinua macho, "Yamependeza maua yako. Na nilidhani nitayaua siku ile dada yangu alipokuja."

"Dada alikuja lini?"

"Ule mwezi ulipokwenda msibani kwa shangazi yako. Beseni lile jekundu ni zawadi yake, ningemwonyeshaje limejaa matope? Nikayatoa yote mawili, nikasugua mabeseni, yalikuwa yameshaanza viluwiluwi. Alipoondoka nikarudisha."

Mzee Gundi aliweka ungo chini polepole. "Ulirudisha kila moja mahali pake?"

"Mahali pake wapi? Majani ni majani. Lile zito lenye vipande vya tofali nililiweka kwenye la bluu, maana la bluu ndilo gumu."

Alinyanyuka. Alikwenda kwenye beseni la bluu, akakunja mkono wa shati, akazamisha mkono hadi kwenye kiwiko. Alipapasa chini ya mizizi, akatoa kipande chekundu, kikubwa kama kipande cha sukari guru. Akatoa kingine. Matofali. Chini ya daraja hakuna matofali. Shina la mashariki, lililotoka nyuma ya kiwanda, lilikuwa hapa kwenye la bluu, na halikuwa na mwanya.

"Umepatwa na nini?" aliuliza mke wake. "Mbona umekuwa rangi ya majivu?"

Akamweleza. Alieleza yote, lebo, upepo, hatua kumi na mbili, kitalu, miche mia sita. Mama yule alisikiliza huku akiendelea kuchambua mchele, kwani mchele hausubiri.

"Nani mwingine anajua?"

"Wewe."

"Na ningenyamaza leo?"

"Ningestaafu nikiwa na furaha."

"Basi ni kosa langu," alisema, akatupa kijiwe. "Mimi nakujua. Utanyamaza, halafu kila tukipita kando ya bwawa utaniambia tuzunguke njia nyingine. Kwa miguu yangu hii siwezi kuzunguka. Nenda ukaseme."

Mzee Gundi hakulala vizuri, lakini alifika kazini saa moja kamili, na vichwa vyote viwili vya magugu vimefungwa kwenye gazeti pamoja na vipande vya tofali. Aliviweka juu ya meza ya Daktari. Alisema kila kitu amesimama, mikono nyuma, kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa.

Daktari alichukua gazeti, akaenda nalo kitaluni, akasimama mbele ya miche mia sita ya kijani iliyofika kiunoni. Mzee Gundi alisimama nyuma yake, na aliona mabega ya binti yule yakishuka, na akahisi aibu ambayo hakuwa amewahi kuihisi, si mbele ya mkusanyaji, si mbele ya mtu yeyote.

"Alikuwa chumba cha pili," Daktari alisema mwishowe. "Kwa nini hukumwuliza?"

"Nilimwogopa."

"Na mimi? Miezi saba nakuletea chai."

Mzee Gundi alivua viatu, akakunja suruali, akashuka mtaroni, akang'oa mche wa kwanza.

Waling'oa miche yote, siku tatu, yeye na Daktari na vibarua wawili. Mzizi hata mmoja haukuachwa, kwa sababu kipande chenye urefu wa kidole kinatosha kujaza bwawa zima. Wakaianika, wakaichoma. Mzee Gundi ndiye aliyeng'oa mingi zaidi, na mgongo wake ulimlipa kwa hilo. Kisha wakaenda magharibi, chini ya daraja, wakachimba upya, na siku ya kupanda ikasogezwa mbele wiki nane. Mkurugenzi aliitwa akaambiwa. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Karani akauliza kama sentensi ile aifute kwenye hotuba au abadilishe tu tarakimu, aandike karatasi elfu arobaini kasoro mbili.

"Ifute," alisema mkurugenzi.

Ikabaki kazi ya karatasi zenyewe. Mzee Gundi alizitoa kabatini na kuziweka mezani, akaandaa bakuli la maji ya uvuguvugu na kisu chembamba.

"Unafanya nini, baba?" aliuliza Daktari mlangoni. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo tangu siku ile.

"Nazilowesha lebo. Zikilegea nazibandua, nabadilisha. Robo saa tu. Hakuna atakayejua."

"Hapana. Kwenye karatasi hizi hakiondolewi kitu. Aliyekosea anaachwa alivyokosea, na anayesahihisha anabandika kikaratasi chake pembeni, anaandika kilicho kweli, tarehe, na jina lake." Alimpa vikaratasi viwili vidogo na kalamu ya wino usiofutika. "Andika wewe."

"Niandike jina la nani?"

"La aliyesahihisha. Ni nani aliyeotesha magugu kwenye mabeseni?"

Mzee Gundi alichukua kalamu. Katika karatasi elfu arobaini alikuwa amebandika majina ya wakusanyaji, majina ya mabingwa, majina ya matajiri waliotoa fedha za safari, na mara moja hata jina la dereva aliyeona ua kutoka kwenye usukani. Jina la mbandikaji haliandikwi popote. Haikuwahi kumpitia akilini kwamba lingeweza kuandikwa. Aliandika polepole, kwa mwandiko wa shule: mahali pamekosewa wakati wa kubandika, mmea huu ulichumwa magharibi ya barabara, chini ya daraja, imethibitishwa kwa kuotesha. Akaandika tarehe. Akaandika jina lake, na la baba yake, na la babu yake, mpaka kikaratasi kikaisha nafasi.

Akageukia karatasi ya pili, ile ya gugu la kigeni, akafanya vilevile, ila mahali akaandika mashariki, nyuma ya kiwanda cha matofali. Kisha akapaka gundi, akabandika, akaweka kifuko cha mchanga juu ya kila kimoja. Gundi ile huchukua dakika arobaini kukauka, na kwa kawaida katika muda huo alikuwa akianza kazi nyingine. Safari hii alivuta kiti, akakaa, akangoja.